Land Rover 110 ya 300Tdi au Land Cruiser HZJ75: uchukue ipi?

Anayetafuta gari la kazi la zamani la 4x4, awe Arusha, Iringa au Nanyuki, mwishowe hujikuta kati ya mawili. Huku kuna Land Rover 110 yenye injini ya 300Tdi, yaani Defender. Huku kuna Land Cruiser HZJ75, mkonga wa zamani, milango miwili mbele na mabenchi nyuma. Wengi hufika hapo wakiwa wameshaamua, na kilichowaamulia ni utani wa vijiweni: Land Rover inavuja oili, Toyota haifi. Utani huo una ukweli ndani yake, ila haukusaidii kununua.

Niseme mapema ninachoamini. Porini magari haya yote mawili yanafika, na yamefika kwa miaka mingi. Yanapoachana ni gereji na mfukoni. Land Cruiser unailipia siku ya kuinunua. Land Rover unailipia kidogo kidogo, kila mwezi, fedha na muda. Asiyejua yeye ni mlipaji wa aina gani atalilalamikia gari lolote atakalopewa.

Tunazungumzia magari gani hasa

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na zile zenye springi za bapa zilizopangwa, Series I hadi Series III, zilitengenezwa mpaka 1985. Hizo ndizo ambazo Maralal, kule Samburu, bado zinabeba abiria na magunia. Ninazipenda kuzitazama. Kuendesha Series III kila siku kwenda kazini ni habari nyingine, kwa hiyo hapa naziweka kando. One Ten yenye springi za koili ilitoka 1983, ikapewa jina la Defender mwaka 1990, ikafungwa injini ya 300Tdi kuanzia 1994. Mwaka 1998 Td5 ikashika nafasi yake Uingereza, lakini kwa masoko kama yetu na kwa majeshi 300Tdi iliendelea kufungwa hata baada ya hapo. Td5 ni injini nzuri, inavuta kuliko 300Tdi, ila ina kompyuta, na oili ina tabia ya kupenya kwenye waya za nozeli mpaka ikafika kwenye hiyo kompyuta. Kwa mtu wa Ngorongoro au Chunya hiyo peke yake inatosha kumrudisha kwenye 300Tdi.

Land Cruiser ya ukoo wa 70 ilianza Novemba 1984. Injini ya 1HZ ilikuja 1990, na kuanzia hapo hadi 1999 ndipo tunapata HZJ75. Baada yake zilikuja HZJ78 na pikapu ya HZJ79, injini ile ile lakini mbele zina springi za koili. Ukipata 78 safi kwa bei ya 75, chukua 78 usifikirie mara mbili. Hutaipata.

Angalizo moja kwa anayeanza. Herufi za mwanzo kwenye namba ya chasisi zinakwambia injini iliyotoka kiwandani: HZJ ni 1HZ ya silinda 6, HJ75 ni 2H ya zamani ya cc 3,980, PZJ ni 1PZ ya silinda 5. Madalali wanaziuza zote kama "mkonga, injini kubwa". Fungua boneti uhesabu nozeli. Zikiwa tano, hiyo ni 1PZ, na hata ikiwa nzima usilipe bei ya 1HZ, kwa sababu siku ya kutafuta spea utaelewa kwa nini wenye nazo wanaziuza.

Injini: nani anavumilia nini

300Tdi ina silinda 4, cc 2,495, tabo na intakula, nguvu farasi 111. 1HZ ina silinda 6, cc 4,164, haina tabo, na nguvu zake ni farasi 130 hivi. Zote pampu zake za dizeli ni za kimakanika. Fundi mwenye spana, masikio na akili timamu anaweza kuziwasha kijijini bila kuchomeka mashine yoyote ya uchunguzi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kununua gari la umri huu badala ya jipya.

Kwenye mafuta Land Rover inashinda. Ukiiendesha kwa heshima inakupa kama kilomita 10 kwa lita, wakati 1HZ nyingi zinakaa 7 au 8. Arusha hadi Dar es Salaam, kama kilomita 630, tofauti yake ni lita ishirini hivi. Kwa anayesafiri mara moja kwa mwezi hiyo si hoja. Kwa anayeshusha maziwa mjini kila asubuhi, hesabu inabadilika.

Kwenye joto Land Cruiser inashinda, na hapa nikae kidogo kwa sababu ndipo 300Tdi nyingi zinapokufa. Silinda hedi ya 300Tdi ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Ikipungukiwa maji ikachemka mara moja tu, hedi inapinda, gasketi inaungua, na kuanzia hapo unakuwa na gari linalotafuna maji kimya kimya. Ubaya zaidi ni kwamba geji ya joto inategemea maji yaifikie sensa. Maji yakishaisha, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kukaa katikati kwa utulivu wakati injini inaiva. Kwa hiyo ukitaka kujua injini hii ilivyotunzwa, usianze na oili, anza na maji. Gari likiwa limepoa fungua kifuniko: maji yawe safi yenye kulanti, yasiwe ya kahawia wala yenye utando wa mafuta. Pitisha mkono kwenye mipira yote ya rejeta, hasa ile midogo inayosahaulika. Kisha mulika tochi nyuma ya kile kipande kinachobeba alteneta. Hapo kuna gasketi yenye umbo la herufi P, na alama nyeupe ya maji yaliyokaukia chini yake inasema kwamba inavuja. Kuibadili si ghali, ila mwenye gari ambaye hajaibadili pengine hajabadili na mengine.

1HZ ni chuma juu na chuma chini, inasamehe mengi. Isichosamehe ni tabo ya kubandika. Kuna wakati ilikuwa sifa kufunga tabo kwenye mkonga ili upande mlima Kitonga ukiwapita wengine, na hedi za injini hizi, zenye vyumba vidogo vya kuwashia mafuta, hupata nyufa kwa joto la namna hiyo. Ukikuta 1HZ yenye tabo, uliza nani aliifunga, lini, na kwa nini anauza. Jibu la swali la tatu lisikilize kwa makini.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: 1HZ ina mkanda wa taimingi. Watu waliozoea 2H, ambayo taimingi yake inazungushwa kwa gia, hudhani na hii ni hivyo hivyo. Mkanda unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT inayowaka kukukumbusha. Zungusha ufunguo bila kuwasha gari uone kama taa hiyo ipo hai. Mkanda wa 1HZ ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na hapo unafungua injini nzima. 300Tdi nayo ina mkanda, na zile za mwanzo zilikuwa na kasoro ya mkanda kukaa upande na kujila pembeni hadi vikatengenezwa vipuri vya marekebisho. Ukikatika, mara nyingi vinavyopinda ni vile vijiti vinavyosukuma valvu, na kuna waliorudi nyumbani kwa kuvibadili tu. Mimi hainijalishi muuzaji ataniambia nini kuhusu mikanda hii. Nanunua mpya, nafunga, naanza hesabu yangu.

Bodi na chasisi

Hapa utani wa vijiweni umegeuka juu chini. Watu wanasema Land Rover haishiki kutu kwa sababu bodi ni aluminiamu. Bodi ni kweli. Lakini chasisi ni chuma, ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva ni chuma, fremu za milango ni chuma. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, ukiongeza unyevu na chumvi, aluminiamu inaanza kuliwa: utaona rangi inavimba malengelenge na chini yake unga mweupe. Magari yaliyoishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam yanaonyesha haya mapema kuliko yaliyoishi Dodoma. Ukienda kukagua Land Rover, lala chini nyuma yake. Kipande cha mwisho cha chasisi, kile kinachobeba ndoano ya kuvutia tela, ndicho kinachojaza matope kwa ndani. Gonga kwa kichwa cha bisibisi kuanzia kati kwenda pembeni. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi la karatasi, na wakati mwingine bisibisi inaingia.

Land Cruiser bodi yote ni chuma, na kutu yake inajificha chini ya rangi mpya. Nilisindikizwa na fundi mmoja wa makamo wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, kwenda kutazama HZJ75 moja nyeupe iliyong'aa kama imetoka dukani. Muuzaji alikuwa mwepesi wa maneno: "Kaka, hii ilikuwa ya mradi, imetunzwa, haijawahi kuguswa." Fundi hakumjibu. Alitoa mfukoni sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu, akaifunga kitambaa isikwaruze, akaanza kuitembeza chini ya vioo, kwenye mfereji wa maji ya mvua juu ya paa, kwenye kona za chini za mlango wa nyuma. Juu ilishika. Kwenye mlango wa nyuma ikadondoka. Akairudisha, ikadondoka tena. "Mdogo wangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "hapa tunauziwa puti." Akainua kapeti nyuma ya kiti cha dereva, akaonyesha bati la viraka lililochomelewa juu ya sakafu bila hata kukata iliyooza. Muuzaji alianza kuzungumzia redio.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkonga mzima hupita mkono kwa mkono kabla dalali hajausikia. Ndiyo maana unaouzwa kwa kelele unastahili sumaku.

Sumaku hiyo haina kazi kwenye bodi ya Land Rover, aluminiamu haishiki. Huko tumia macho: tazama gari kwa kulala pembeni yake jua likiwa upande wa pili, uone mawimbi. Ila usihangaike sana. Paneli za Defender zimefungwa kwa bolti na ribiti, unanunua nyingine, unabadili. Paneli ya HZJ75 inataka mchomeleaji anayejua kazi, na hao wamebaki wachache.

Kwa magari yote mawili, kama liliwahi kuwa la watalii, kagua chasisi sentimita kwa sentimita. Mikonga mingi ya Arusha ilikatwa katikati ikarefushwa ili ibebe viti zaidi. Kazi hiyo ikifanywa na karakana yenye kujua inadumu. Ikifanywa na fundi maiko, weldi inapasuka kwenye barabara ya kwenda Naabi, lango la Serengeti, ile inayotetemesha gari hadi saa ya mkononi inasimama.

Ukiwa nyuma ya usukani

Defender haina nafasi kwa kiwiko. Mlango uko hapa, bega liko hapa, na katika wiki ya kwanza utaendesha dirisha likiwa wazi ili mkono upate pa kwenda. Wakati wa mvua maji yanaingia kwa njia ambazo hakuna fundi amewahi kuzimaliza. Lakini koili springi zake, mbele na nyuma, ni raha ya kweli kwenye barabara mbovu. Gari tupu linatembea vizuri karibu sawa na lililobeba.

HZJ75 ina springi za bapa pande zote. Ikiwa tupu inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, na abiria wa mabenchi ya nyuma, wanaokaa ubavu, watakukumbusha hilo njia nzima. Ipakie magunia nane ya mahindi uone inavyotulia. Gari hili limetengenezwa kubeba, na ukilitumia kwa kubeba hutasikia mtu akilalamika. Nyingi zina matangi mawili ya mafuta, na kwa anayepita njia zisizo na sheli hiyo ni faida kubwa kuliko inavyosikika.

Kwenye tope zinatofautiana kwa namna ya kufanya kazi. Defender inavuta magurudumu manne muda wote; ukifika kwenye udongo mweusi unasukuma kifimbo kufunga difu ya kati, basi. HZJ75 kwa kawaida inavuta nyuma tu. Ili kuingiza mbele unashuka, unafunga habu za magurudumu ya mbele kwa mkono, unarudi kuvuta kifimbo. Baadhi zilikuja na difu zinazofungwa, na hizo ni hazina. Shida ni mtu anayekumbuka habu akiwa ameshazama hadi kwenye ekseli, maana hapo ni kuvua viatu. Wakati wa masika ziache habu zimefungwa, zinakula dizeli kidogo tu zaidi.

Mwaka 2011, watu walipomiminika kwa Babu wa Loliondo kule Samunge, barabara ile ilizipima gari za kila aina. Land Rover na Land Cruiser za zamani ndizo zilizokuwa zikienda na kurudi, na madereva wake walipata nauli ambazo hawajaziona tena. Hakuna aliyeuliza ni ya kiwanda gani.

Spea, fundi, na tofauti kati yao

Spea za 1HZ ziko kila mahali. Gerezani pale Kariakoo, Barabara ya Kirinyaga Nairobi, Kisekka Kampala, hata duka la pembeni katika mji mdogo litakuwa na filta, mkanda na pedi za breki. Tatizo la wingi huo ni feki. Boksi la Toyota linachapishwa vizuri sana siku hizi. Kwa nozeli, pampu ya maji na beringi nunua kwa muuzaji ambaye fundi wako ameshamjaribu, ulipe zaidi, ukae na risiti.

Spea za Defender hazipo kila duka, lakini ukifika kwenye duka lenyewe bei mara nyingi inakushangaza kwa uzuri. Kipande kile kile kinatengenezwa na viwanda vingi, hivyo unapewa kuchagua: cha asili, cha kiwanda kilichokuwa kikimuuzia Land Rover, au cha rahisi. Sili na bushi za rahisi zitakurudisha gereji kabla ya msimu kuisha. Arusha imejaa mafundi wa Land Rover, na si ajabu kwamba tamasha kubwa la Land Rover la Oktoba 2024 lilifanyika huko. Ukiwa Arusha, Moshi, Nairobi au Nanyuki, fundi hatakuwa tatizo. Ukiwa Sumbawanga au Mtwara, kabla ya kununua tafuta kwanza fundi, uone gereji yake ina Land Rover ngapi zinazotembea, siyo ngapi zilizoegeshwa juu ya mawe.

Kuhusu kuvuja, ndiyo, zinavuja. Land Rover huvuja kwenye gia boksi, kwenye boksi ya pili, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, na kwenye yale mabakuli ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele. Land Cruiser nayo ina mabakuli kama hayo, na sili zikichoka oili ya difu inachanganyika na grisi inatiririka upande wa ndani wa tairi. Tazama upande wa ndani wa tairi za mbele kwa magari yote mawili. Unyevu ni wa kawaida. Matone ni kazi ya siku mbili. Bakuli lililotobokatoboka kwa kutu kwenye Land Rover, hilo linabadilishwa, na utoe kwenye bei.

Defender ina jambo jingine la kusikiliza. Endesha polepole gia ya tatu, achia mafuta, kanyaga tena. Kishindo kidogo ni cha kuzaliwa nacho. Kishindo kizito kama cha mtu anayepiga nyundo chini ya kiti kinatoka kwenye propela, difu, au meno ya shafti inayoingia kwenye boksi ya pili. Hilo la mwisho linataka kushusha boksi. Gia boksi ya HZJ75 ukiisikia inalia, basi imeteswa sana, kwa sababu kwa kawaida hailii.

Bei, wizi na bima

Kwa bei ya HZJ75 moja iliyosimama vizuri, mara nyingi utapata Defender ya 300Tdi na ukabakiwa na fedha ya kuitengeneza. Usiione hiyo kama punguzo. Fedha hiyo ni ya gari, bado hujaitoa tu. Asiyeitenga ndiye atakayeuza Land Rover kwa hasara baada ya mwaka, akisema ni gari bovu. Land Cruiser kwa upande wake inarudisha fedha yako. Ukiinunua nzima ukaitunza, siku ukiwa na shida unaiuza ndani ya wiki, karibu na bei uliyotoa.

Sifa hiyo hiyo ndiyo inayowavutia wezi. Mkonga unaibwa mzima, na unaibwa vipande. Kama huna pa kuulaza usiku penye geti na mlinzi, hesabu gharama hiyo pia. Defender haiko salama kabisa, ila mwizi wa kawaida anajua itakavyomsumbua kuiuza. Kwa bima, kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri huu, kwa hiyo ulizia kabla, usije ukadhani umefunikwa.

Kuna wanaosikia kwamba Marekani gari likifikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila masharti ya usalama ya magari mapya, na kwamba Defender za zamani zinauzwa huko kwa fedha nyingi. Ni kweli. Ila wanunuzi wale wanataka gari la asili, lisilo na viraka, lenye karatasi zake zote. La kwako lililobeba mawe Mererani siyo hilo.

Namba na karatasi

Kenya hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka 8, kwa hiyo gari la aina hii unalinunua lililomo nchini tayari. Tanzania inaruhusu, lakini gari la miaka mingi linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na kwa kawaida hesabu inakurudisha kwenye lililopo hapa. Mazuri hutoka kwenye minada: yaliyokuwa na namba za DFP za miradi, STK za serikali, au SU za mashirika ya umma. Ya miradi kwa kawaida yalihudumiwa kwa ratiba. Ya serikali inategemea wilaya.

Namba ya chasisi kwa magari yote mawili imepigwa kwenye chasisi yenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Sugua matope kwa brashi ya waya uisome kwa macho yako. Herufi zilizopinda, eneo lililosagwa kwa jiwe, au rangi mpya hapo tu ilhali kwingine pana vumbi, ondoka. Namba ya injini ni muhimu zaidi kwenye Land Rover, kwa sababu nyingi zimebadilishwa injini: kuna One Ten za miaka ya 80 zilizopandikizwa 300Tdi, na kuna zinazotembea na injini ya Isuzu au ya Toyota yenyewe. Si dhambi, na nyingine zinakwenda vizuri kuliko za asili. Lakini namba iliyo kwenye bloku isipokuwa ile iliyo kwenye kadi, utakutana na shida siku ya kubadili umiliki. Mwenye gari alimalize hilo yeye, kabla hujatoa hata malipo ya awali. Kwa Kenya omba rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kwa Tanzania taka kadi halisi, mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili, na angalia kama gari halina deni la faini za trafiki.

Kwa hiyo nani achukue lipi

Mkulima au mfanyabiashara ambaye gari likilala siku moja anapoteza mzigo, achukue HZJ75, hata kama ni kwa kusubiri miezi akitafuta iliyo nzima. Asinunue iliyochoka kwa sababu tu ni Toyota. HZJ75 iliyochoka inauzwa karibu na bei ya nzima, na hapo ndipo watu wengi wanapopigwa.

Anayependa kushika spana mwenyewe Jumamosi, anayeishi karibu na fundi wa Land Rover, na ana gari jingine la kumpeleka kazini, achukue Defender. Vilevile anayesafiri na mama mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo, kwa sababu ya zile koili.

Mwenye familia ya watoto wanne anayetaka gari la kwenda Tanga na kurudi, mimi ningemshauri asichukue lolote kati ya haya. Atafute HZJ80, shangingi la miaka ya 90 lenye injini ile ile ya 1HZ, koili pande zote, na viti vinavyotazama mbele.

Utakalochagua, siku ya kwanza usilipeleke safari, lipeleke gereji. Mwaga oili zote: injini, gia boksi, boksi ya pili, difu zote mbili. Badili mkanda wa taimingi na tenshena yake, mipira ya rejeta, filta zote, maji ya breki. Fungua mabakuli ya mbele, safisha, weka sili mpya. Kwa Defender ongeza kengele ya kukuarifu maji yakipungua. Ni kifaa kidogo, fundi umeme anakifunga mchana mmoja, na kinafanya kazi ambayo geji ya joto ya gari lile haiwezi.